Kisima Kilichoachwa: Siku Moja ya Baiskeli Kwenye Magofu ya Gedi



Qur'ani Tukufu imetuamrisha, tena si mara moja, tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Aghalabu tukiisikia amri hii fikira zetu huruka kwenda Misri na Sham, tukadhani kuwa ni amri ya wenye mali na nafasi. Lakini sisi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki tuna miji iliyolala mlangoni petu, na wengi katika watoto wetu hawajaiona. Mzungu atokaye mbali huvuka bahari akaja kuitazama, na kijana aliyezaliwa kilomita kumi kutoka hapo hawezi kumwambia neno ila kwamba pale pana majini.

Katika makala haya nataka kuzieleza nyumba zetu za Kiislamu safari moja ya siku moja, isiyohitaji motokaa wala fedha nyingi: kutoka Watamu kwa baiskeli, kupitia mashamba, mpaka kwenye magofu ya Gedi, kisha kula chakula cha wenyeji, na kurejea kabla ya Magharibi. Wapo vijana wa Watamu na Gede ambao kazi yao ni kuwaongoza wageni katika njia hii, na baiskeli za kukodi zapatikana huko huko.

NJIA NA CHOMBO

Magofu ya Gedi yako katika Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, kiasi ya kilomita 16 kusini ya Malindi. Kijiji kilicho karibu huandikwa Gede, na magofu yenyewe huandikwa Gedi, nalo ni neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani. Kutoka Watamu hadi hapo si zaidi ya kilomita saba. Mtu mzima huenda kwa nusu saa, na mwenye watoto na ajipe saa nzima.

Watu wengine huiona baiskeli kuwa ni chombo cha mnyonge. Yafaa wakumbuke kwamba katika pwani hii baiskeli imelisha nyumba nyingi: imechukua mikate alfajiri, madafu mchana, mitungi ya maji jioni. Na kwa safari kama hii ni bora kuliko gari, kwa sababu mwenye baiskeli huenda kwa mwendo wa macho yake. Humsalimu mwenye shamba naye akaitikiwa. Husikia harufu ya mihogo inayochomwa kando ya njia akasimama. Mwenye gari hupita, akafika, asijue alipita wapi.

Ondokeni mara baada ya sala ya Alfajiri na kifungua kinywa chepesi, mahamri na mbaazi au mkate na chai, ili mfike jua halijawa kali. Kabla ya kupanda, kiongozi hukagua breki, mnyororo na upepo wa magurudumu, naye huchukua bomba na viraka. Msione haya kumwuliza kama amevichukua. Njia ya lami ya Watamu ina magari na pikipiki ziendazo mbio, kwa hivyo watoto wakae katikati ya msafara, mtu mzima mbele na mwingine nyuma. Vijia vya ndani ya mashamba ni vizuri zaidi, baina ya minazi, miembe na mikorosho, ila pana mchanga mahali mahali, na hapo hushukwa mtu akasukuma.

Huulizwa kama yafaa mabinti na mama zetu kupanda baiskeli. Ikiwa sitara imehifadhiwa na wamo pamoja na watu wao, sioni ubaya. Ziko baiskeli zisizo na mti wa kati, nazo ndizo ziwafaazo. La kuangalia ni buibui: lifungwe vizuri, au livaliwe juu ya suruali pana na kukazwa, lisije likanaswa na mnyororo mtu akaanguka.

MJI NDANI YA MSITU

Mkifika langoni, ziacheni baiskeli na mlipe kiingilio. Mahali hapa huangaliwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Kisha mwaingia chini ya miti mikubwa, na joto la barabarani lakatika ghafula. Kima huwarukia matawini, nao ni wezi hodari wa ndizi, basi chakula kisionyeshwe.

Gedi ni mji wa mawe uliozungushiwa kuta mbili, ukuta wa nje na wa ndani, na eneo lililomo ndani ya ukuta wa nje ni kiasi ya ekari 45. Wataalamu wa sasa husema watu walikaa hapo tangu karne ya 11 au ya 12, mji ukastawi zaidi katika karne ya 15, ukaachwa moja kwa moja mwanzoni mwa karne ya 17. Msitu ukaufunika. Katika mwaka 1927 serikali ya wakati ule ikautangaza kuwa mahali pa kumbukumbu, na kuanzia mwaka 1948 mtaalamu mmoja wa Kiingereza, James Kirkman, akaufukua kwa muda wa miaka kiasi ya kumi. Na katika mwaka 2024 UNESCO imeutia katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kitu cha kwanza ambacho kiongozi mwema huwaonyesha wageni ni kaburi lenye tarehe. Juu yake umechorwa mwaka wa Hijria 802, ambao ni mwaka 1399 wa Miladia. Hapa ndipo ningependa mzazi amsimamishe mtoto wake. Mtoto aliyesoma chuoni anazijua tarakimu za Kiarabu. Mwambieni atoe 802 katika mwaka wa Hijria tulio nao leo, apate mwenyewe hesabu ya miaka iliyopita. Jibu lake litazidi miaka mia sita. Watu hawa walihesabu miezi kwa mwandamo kama tuhesabuvyo sisi, wakafunga Ramadhani, wakasali Idi.

Kutoka hapo mwaendea Msikiti Mkuu. Dari limeanguka zamani, lakini nguzo za mawe za mraba zaonekana, na mihrabu imesimama. Mihrabu yaelekea kaskazini, kama ilivyo katika misikiti yote ya pwani yetu, kwa sababu Makka iko upande huo. Uani pana kisima na birika la kutawadhia. Mtu ambaye amekulia katika mji wowote wa pwani hahitaji kuelezwa kitu: angejua wapi pa kuvua viatu, wapi pa kunawa, wapi pa kusimama.

Karibu ya msikiti iko kasri, yenye nyua za kupokelea wageni, vyumba vya ndani, ghala na vyoo. Na pembeni yake zimepangwa nyumba za matajiri, kila moja imepewa jina kwa kitu kilichookotwa humo: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Fedha ya Kichina. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari lake lilikuwa la boriti za mikoko, kazi ile ile ambayo mafundi wa Lamu na Mombasa wameirithi. Vyombo vya Kichina viliingia kwa wingi katika mji huu, ingawa bahari iko mbali kiasi ya kilomita sita, na Hori la Mida kiasi ya kilomita tatu.

Nawaomba wazazi wavitazame vyoo na mifereji ya maji machafu kwa makini zaidi kuliko vyombo vya Kichina. Chombo cha Kichina huonyesha kwamba mwenye nyumba alikuwa na mali. Choo kilichojengwa vizuri na mahali pa kujisafishia pembeni yake huonyesha kwamba alijua tohara, na kwamba aliwafikiria walio nyumbani mwake.

KISIMA

Sasa tumefika kwenye neno lililonifanya nichukue kalamu. Katika Suratul Hajj vimetajwa pamoja vitu viwili: kisima kilichoachwa na kasri iliyoinuliwa. Ukisimama Gedi unaviona vyote viwili kwa jicho lako, na havipo mbalimbali.

Kwa nini mji ulihamwa? Watu wa elimu wametaja sababu kadhaa. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, wakaishika biashara ya bahari. Jeshi la Wazimba lilipita pwani mwaka 1589. Waoromo, ambao zamani waliitwa Wagalla, walishuka kutoka kaskazini na kuwasukuma watu wa miji ya bara. Na sababu ya nne ni maji. Kisima kimoja nje ya Msikiti Mkuu chaonyesha kwamba kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, na Kirkman aliona kuwa hiyo ni dalili ya maji kushuka ardhini.

Hapa nawatahadharisha ndugu zangu. Tunapoona mji ulioharibika, ndimi zetu hukimbilia kusema kwamba watu wake walikuwa waovu, wakaangamizwa. Aya huzungumza khabari za watu waliodhulumu. Watu wa Gedi hatuna khabari yao ya namna hiyo. Tulionalo ni misikiti yao, makaburi yao yaliyoandikwa kwa adabu, na visima walivyovifukua tena maji yalipopungua. Walihangaika kuuokoa mji wao, na hatima ya ndani yao anaijua aliyewaumba. Tunalopaswa kulichukua ni onyo kwa nafsi zetu, wala si hukumu juu yao.

Na onyo lenyewe ni hili. Mji uliokuwa na kasri, ukuta mara mbili, fedha ya China na taa ya chuma, ulihitaji vile vile ndoo ya maji kila asubuhi. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na chini yake maji matamu huelea juu ya maji ya bahari. Yakitekwa kupita kiasi, maji ya chumvi hupanda, na kisima kilichowanywesha babu na bibi hugeuka kuwa cha kufulia nguo tu. Jambo hili limekwisha tokea katika visima vingi vya pwani. Watu wa Lamu wanajua kwamba maji yao hutoka katika vichuguu vya mchanga vya Shela, na kila anayejenga juu ya mchanga ule huigusa ndoo ya mji mzima.

Chuoni tunawafundisha watoto kwamba israfu ya maji haifai hata katika udhu. Mtoto huihifadhi mas-ala hii kwa moyo, akaijibu katika mtihani, kisha akaacha mfereji wazi akaenda kucheza. Mchukueni akaegemee ukingo wa kisima cha Gedi, atazame chini. Ataiona sababu ya mas-ala.

CHAKULA CHA WENYEJI

Kufikia saa tano mtakuwa mmechoka na njaa imeingia. Kabla ya kutoka, zungukeni katika jumba la vipepeo lililo pale pale kwenye magofu. Tangu mwaka 1993 wakulima wanaokaa ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo, na vifukofuko vyake huuzwa nje ya nchi kwa majumba ya maonyesho. Msitu huo una kilomita za mraba kiasi ya 420, na ndani yake wako ndege na wanyama wasiopatikana kwingine ila kwa nadra, kama sange mwenye pua ndefu na rangi ya dhahabu upande wa nyuma. Kipepeo hutaga katika mti anaoujua, na mkulima anayeishi kwa kipepeo haukati mti ule. Hii ni biashara ya halali inayohifadhi neema badala ya kuimaliza.

Kisha pandeni baiskeli mwende kijijini. Viongozi wengi hupatana mapema na mama mmoja wa Gede au Watamu awapikie wageni nyumbani kwake, na hili ni bora kuliko hoteli, maana fedha huingia moja kwa moja katika chungu kilichopikiwa. Mtaandaliwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, aliyechomwa kwa makaa na kupakwa tui lenye ukwaju na bizari, au sima kwa mboga ya mchunga, ambayo Wagiriama huipenda kwa uchungu wake, na kando yake achari ya embe na pilipili. Kinywaji ni dafu. Wagiriama wenyeji si wote Waislamu, lakini ni watu wenye heshima kwa mgeni. Ikiwa mtakula nyama, ulizeni kwa upole mapema nani amechinja. Samaki huondoa swali hilo.

Mkiwa mmeketi mkekani, waambieni watoto jambo ambalo huwashangaza wakubwa pia. Watu wa Gedi katika siku za ustawi wao hawakuijua sima ya mahindi. Mahindi, mihogo, pilipili, nyanya, viazi vitamu na korosho zote asili yake ni Amerika, na zilifika kwetu baada ya Wareno kuzunguka bahari, yaani mji wa Gedi ulipokuwa umeanza kudhoofika. Mwenye kasri ile alikula mtama, mchele, samaki na nazi. Basi katika sinia moja mna tui alilolijua mtu wa mwaka 802 wa Hijria, na mna pilipili asiyoisikia jina lake. Hivi ndivyo Mwenyezi Mungu azungushavyo riziki baina ya watu. Vita na biashara za wafalme zilipita, na kilichobaki mikononi mwa mama wa Kigiriama ni mbegu.

Sala ya Adhuhuri isaliwe katika msikiti wa kijijini. Safari hii ni fupi, haifiki masafa ya kupunguza sala, kwa hivyo rakaa ni nne kama nyumbani.

ALASIRI NA KUREJEA

Baada ya kupumzika, njia yaweza kupitia Hori la Mida, mahali mikoko inapokutana na maji. Pana daraja la mbao linaloning'inia baina ya mikoko, ambapo mtu huwaona ndege wa pwani maji yanapokupwa. Ulizeni kiongozi saa za kujaa na kupwa kabla ya kwenda. Mikoko hii ndiyo iliyotoa boriti za dari za Gedi, na mabustani yake ndiyo mazalio ya samaki mliyemla mchana. Hapo siku nzima hufungamana: mti, samaki, nyumba.

Panga mfike Watamu kabla ya saa kumi na mbili jioni, maana baiskeli nyingi za kukodi hazina taa, na pikipiki hazimwoni mtu gizani. Miezi mizuri ni ile ya kusi baada ya masika kupita, kuanzia Julai, ambapo kuna ubaridi na vumbi si jingi. Katika masika vijia huwa tope.

ADABU ZA MZURU

Nimalize kwa adabu chache, kwani mahali kama hapa huharibiwa na miguu ya wapendao kama kuharibiwa na wasiojali.

Kwanza, msipande juu ya kuta. Chokaa ya miaka mia sita huvunjika kwa uzito wa mtoto mmoja, wala hairudi. Msiandike majina yenu ukutani, na msichukue hata kigae kidogo cha sahani. Kigae kikiwa mahali pake humweleza mtaalamu khabari. Kikiwa katika droo ya mtu hakisemi kitu.

Pili, makaburi ni makaburi. Watoleeni salaam waliolala humo na waombeeni rehema, kama sunna ilivyo. Msiwaombe wao, wala msifunge vitambaa, na msikae juu ya makaburi kupiga picha.

Tatu, mwacheni kiongozi aseme, kisha mwulizeni. Wengi wao ni vijana waliosoma sana khabari za mji huu, na wengine si Waislamu. Akikosea jina la mihrabu au mimbari, msahihisheni kwa wema. Akiwafundisha msilolijua, pokeeni. Elimu haiulizwi kabila la aliyeichukua.

Nne, mpeni haki yake kabla jasho lake halijakauka, yeye na mama aliyewapikia. Katika kijiji kama kile, malipo ya siku moja ni unga na daftari za shule.

Ndugu wasomaji, likizo za vyuo hufika na kupita kila mwaka, na watoto huzimaliza mbele ya simu. Walioujenga mji wa Gedi hawana tena mtu wa kuwasemea ila sisi tunaoswali kuelekea kibla chao. Tukiwaachia wageni peke yao kazi ya kuwajua, watoto wetu watakua wakidhani kwamba ni wapangaji tu katika pwani hii, na kwamba visima vyake si amana yao. Basi chagua siku moja, kagua breki, na uwachukue.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, ayatunze maji yetu, na awafanye watoto wetu kuwa wenye kutazama na kuzingatia. Wabillahi taufiq.